Wimbo wa Puani

Kwako Kaka,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana nina mengi. Wewe, wifi na watoto hamjambo? Mgongo wa wifi umepoa? Mama nimemwacha makusudi, nitamfikia. Mimi mwili ni mzima, nakula na kulala, ila roho imenichafuka. Nina kinyaa ambacho hata nikipiga mswaki hakitoki.

Uliponipigia wiki iliyopita ulitaka jibu la haraka. Ulisema Mama ameanza kupotewa, kwamba kila baada ya chakula cha mchana anakaa barazani na kile kisimu chake cha vitufe sikioni, hasemi na mtu, na akiulizwa anajibu kuwa anawasubiri watu wa maji, ilhali bomba lenu linatoka vizuri tu. Ulisema utamnyang'anya simu na kumpeleka kwa daktari wa akili. Nilikuomba unipe siku chache. Sasa soma mpaka mwisho, usiruke mistari kama kawaida yako.

Kazi yangu unaijua: napokea simu za malalamiko katika kampuni hiyohiyo inayowaletea maji. Baba aliniita Kasuku kwa kuropoka kwangu, na kweli nimekuwa kasuku wa kuajiriwa. Kutwa nasema maneno niliyoandikiwa, kwa sauti nyembamba ya adabu tuliyofundishwa, na watu wananitukania mpaka waliokwisha kuzikwa. Ukimaliza simu chafu unaruhusiwa kupumua kidogo, na hapo kila mtu husikiliza orodha yake ya nyimbo. Simu zetu wenyewe tunaziacha mlangoni, kwa hiyo nyimbo huwa tunaziweka kwenye kompyuta za kazini. Jirani yangu wa meza, Mama Pacha, ana nyimbo za dini tupu, na akitukanwa sana huurudia wimbo mmoja mpaka mishipa ya shingo ilale. Yangu ilikuwa mchanganyiko, za harusini na za utotoni, na mwisho kabisa nilimweka Baba.

Unakumbuka nilipopata simu ya kwanza yenye kurekodi? Nilimtegea Baba akiwa kwenye kigoda chake cha kushonea viatu, naye akajua, akajifanya hajui. Misumari imemjaa midomoni, kwa hiyo anaimba kwa puani, na nyundo inamwitikia, ko, ko. Mwishoni anatema misumari kiganjani na kuuliza kama chai imefia huko jikoni. Dawa yangu ilikuwa hiyo. Hata nitukanwe asubuhi nzima, nikimsikia anadai chai yake nacheka, moyo unarudi mahali pake, naendelea na kazi.

Akaja meneja mpya. Tunamwita Bwana Tulia, kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila neno hilo, na manukato yake hufika mlangoni kabla yake. Alituita, akatangaza kuwa hata wateja wanaosubiri kwenye laini wanahitaji amani ya moyo, na kwamba amezisikiliza orodha zetu zote na kuchagua cha kuwapigia. Amesikiliza, Kaka! Ameingiza mikono kwenye vitu vyetu kama mtu anayepekua kapu la nguo za ndani za wenzake, na wala haoni haya. Akamchagua Baba. Alisema ni mdundo wa asili, hauna maneno, hauwezi kumuudhi mtu.

Ptuu! Baba wamemkata mwisho, misumari hakuna, chai hakuna. Kila baada ya kitambo mwanamke mmoja anamdakia katikati na kusema tulia mteja wetu, simu yako ina thamani kwetu. Thamani gani, na mtu anangojeshwa mpaka sikio linapata moto? Wateja wakifika kwangu wanaanza kumlalamikia huyo mzee wenu anayekoroma. Mmoja alinituma nimwambie mzee akapenge kamasi. Nilivua hedifoni nikaenda chooni, nikatapika. Sitii chumvi, nilitapika kweli. Tangu siku hiyo orodha yangu siifungui. Nikisikia ile ko ya kwanza tu, nyongo inapanda.

Nilimwendea Bwana Tulia nikamweleza kuwa huyo ni baba yangu, tena marehemu. Akatabasamu, akanipa pole, kisha akasema kilichomo kwenye kompyuta ya kampuni ni mali ya kampuni, na kwamba mwingine angejivunia. Sikukubali. Nilimganda kama kupe. Mama Pacha akanisindikiza, naye ana mdomo, humjui tu. Wengine nao wakaunga mkono, mpaka bwana akachoka akaahidi kuwa Jumatatu wimbo utaondolewa. Mama Pacha alinikumbatia mbele ya watu.

Sasa, kuna mpigaji tuliyembatiza jina la Bubu. Namba yetu ni ya bure, basi yeye hupiga kila mchana, hungoja zamu yake, na ukipokea tu anakata. Wenzangu humcheka sana. Ijumaa aliniangukia mimi. Nimeshaanza salamu zangu za kikasuku, jicho likaenda kwenye kioo cha kompyuta, nikaona namba ya Mama. Kabla sijamwita, akawahi yeye. Safari hii hakukata. Alisema nimsamehe kwa usumbufu, bomba lake halina tatizo lolote. Akaniomba, kama nina moyo, nimrudishe pale alipokuwa anasubiri, kwa sababu kuna mzee pale anagonga viatu, na alikuwa hajamaliza.

Aliniita dada, Kaka. Mimi niliyetoka tumboni mwake, kwa ile sauti yangu ya kazini, hakunijua. Baba aliyekatwa, aliyedakiwa, anayeimba kwa puani, alimjua. Sikujitambulisha. Nikabonyeza kitufe nikamrudisha kusubiri, nikaiacha laini hivyo hivyo mpaka akakata mwenyewe.

Kisha nikafanya jambo ambalo hapa kazini hakuna anayelielewa, na wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa sababu. Nilikwenda kwa Bwana Tulia nikamwomba asiuondoe ule wimbo. Akataka nirudie mbele ya wenzangu, nikarudia. Akasema alijua tu kuwa nami mwishowe nitatulia. Nikamshukuru, nikamwita mkuu. Mdomo wangu bado unanuka hilo neno, na Mama Pacha hanisemeshi.

Kwa hiyo simu ya Mama usiiguse. Akili yake ni nzima kuliko zetu. Ndani ya bahasha nimeweka kikadi cha kumbukumbu, kina wimbo wote, haujakatwa. Kitie kwenye ile redio yako ndogo, umwashie baada ya chakula cha mchana, kisha toka na watoto umwachie baraza. Akishausikia hadi kwenye chai, nijulishe siku hiyohiyo, nirudi kwa yule bwana nikamalize maneno yangu, autoe huo wimbo, na mkuu simwiti tena.

Nisalimie wifi na majirani wote wanaoniulizia, na wabusu watoto. Mama mwambie nampenda na likizo ikifika nitakuja. Ila aliyepokea simu ile alikuwa nani, hilo usimwambie.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku