Nilimwambia Tajiri Mimi Fukara

Nizwa, Oman

Mama yangu,

Shikamoo. Jicho linaendeleaje? Mimi mzima, na leo nina furaha mpaka sindano imenichoma mara mbili sikuisikia. Dada Zuhura, wewe unayemsomea, soma taratibu na usiruke kitu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu Mama hukata nikianza kueleza.

Mama, nimepewa ruhusa. Nakuja.

Nilinyimwa mara mbili, nawe umekataa kupasuliwa jicho mpaka niwepo. Maneno yako ya mwisho, "Usihangaike, mwanangu, mimi fukara tu, nani atanisikiliza," yaliniuma sana. Juzi nikaacha cherehani nikamfuata tajiri wangu, mwenye duka. Kiarabu changu ni cha kushonea kanzu, ila neno hilo nililiamini, maana pale kwetu Gongoni wote wanasema ni la Kiarabu. Nikamwambia, "Ana fukara," yaani mimi fukara.

Akanitazama. "Mko wangapi?"

Nikadhani anauliza nyumbani. Nikajibu, "Watatu." Akachungulia mlangoni kuwatafuta wenzangu wawili.

Tulipoelewana alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kwao mtu mmoja ni fakiri. Fukara ni wengi. Na tajiri, ninavyomwita kila siku, kwao ni mfanyabiashara tu, hata awe wa vitunguu. Nikawaza misafara ya zamani iliyotuletea maneno haya Tabora. Waliokuja na bidhaa tuliwaona wana mali, basi wakawa matajiri. Wapagazi labda waliitwa fukara wote kwa pamoja, na aliyeachwa njiani akabaki na jina la kundi zima. Sina ushahidi, ni mawazo ya fundi cherehani.

Kisha akauliza hao wawili ni akina nani. Nikamtaja Zuhura, nikakutaja wewe na jicho lako. "Nenda kwa mama yako," akasema. "Kanzu zitasubiri."

Nitafika Ijumaa ya pili ya mwezi ujao. Zuhura amwambie daktari, na safari hii usitafute kisingizio.

Msalimie shangazi wa Urambo, na jirani muuza mkaa anayekushika mkono kuvuka barabara.

Lile neno lako, Mama, sikukatazi kulisema. Ila ukilisema ujue umetuhesabu na sisi. Huwezi kuwa fukara peke yako.

Mwanao, fukara mwenzako,
Hamisi