Idi Bila Sigara

Idi, Garsen.

Nimeshinda! Naandika leo leo, maana mimi si mtu wa kalamu na kesho nitasahau.

Kila Ramadhani ilikuwa yale yale. Mchana kutwa sivuti, jua likizama sigara inatangulia tende. Mwaka huu mke wangu Hadija akaniuliza, "Mchana unamwogopa Mungu, usiku unamwogopa nani?" Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikaapa mbele ya wazee msikitini: basi, hata usiku sivuti tena. Wakacheka.

Leo baada ya swala wamekuja kwangu, tumekula pilau. Mzee Guyo mfugaji, mtani wangu, akawasha sigara moja akaninyooshea. "Shika bwana, mwezi umeandama!"

Wote macho kwenye mkono wangu. Na mkono ulitaka, hapa sitadanganya. Niliukalia.

Nikasema, "Guyo, mimi sikuiweka kando ningoje Idi. Nimeiacha. Wewe ng'ombe ukishamwuza, unarudi kumkama?"

Walicheka mpaka Guyo mwenyewe akapaliwa na moshi wake. Hadija alikuwa mlangoni na sinia ya chai, kasikia yote. Akanipa kikombe mimi kwanza, kabla ya wageni! Miaka yote ya ndoa sijaona hiyo.

Mwanamume kama mimi hayupo kutoka hapa mpaka Idsowe.

Ila kesho wageni hawapo, hakuna wa kumwonyesha. Hapo ndipo naogopa. Basi asubuhi nitamwambia Hadija akae karibu.