Saa Uliyomtumia Dada Hlengiwe

Imbali,
Pietermaritzburg.
14 Juni

Mpendwa Kaka Velaphi,

Pokea salamu za nyumba nzima, pamoja na baridi ya Juni inayotufanya tugombanie jiko kila asubuhi. Hujambo? Kazi je, na ule mgongo wako? Nasikia huko Halifax joto ndiyo kwanza linaanza, basi mtukumbuke. Sisi ni wazima. Mama goti linamsumbua kidogo, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote.

Kaka, kaa chini kwanza. Nina habari za mbio za Comrades. Najua tangu siku ile bastola ya kufunga mbio ilipolia ukiwa umebakiza hatua arobaini umalize, jina hilo halitajwi mbele yako. Mwaka uleule ulifunga mizigo, na sasa ni miaka kumi na mitatu hujakanyaga nyumbani. Leo nitalitaja, na ukikasirika, utanikasirikia ukiwa hukohuko.

Ulipomtumia Dada ile saa ya kupima mapigo ya moyo, na kikaratasi kilichoandikwa "Usizidi 140" basi, mimi nilicheka. Dada Hlengiwe! Mwanamke wa miaka arobaini na saba, mwenye zamu za kliniki, pacha wa darasa la nne, na Alhamisi ya kina mama wa kanisa ambayo hakosi hata akiwa na homa. Atakimbia saa ngapi? Kumbe jibu alikuwa nalo. Aliacha kupanda teksi. Akitoka kazini anaitia sare kwenye begi la mgongoni na kurudi kwa miguu, kilomita tisa, siku nne kwa wiki. Jumamosi anatoka kabla watoto hawajaamka.

Na huo upole wa mwendo wake, Kaka, ulikuwa wa kuudhi. Saa ikilia tu, anatembea. Hata kile kilima cha kwenda dukani alikipanda kwa kutembea. Wenzake wa klabu ya mbio walimchoka.

"Dada Hlengi, misafara yetu ya mazishi inakwenda kasi kuliko wewe!"

"Basi tangulieni makaburini," akawajibu. "Mimi huko sina haraka."

Mimi mwenyewe nilimwambia kwamba konokono wa bustanini wanaomba awapishe.

Lakini miezi ilivyopita nikaanza kuona ajabu. Kilima kilekile, mapigo yaleyale, na mtu sasa anakipanda kwa kukimbia, huku anawasalimia majirani kwa majina. Hakuongeza nguvu wala siku. Moyo wenyewe ulikuwa umejifunza, taratibu, bila sisi kuuona. Siku moja nilisimama dirishani nikimtazama mpaka maharage yakaungua.

Jumapili iliyopita ndiyo ikawa siku yenyewe: kutoka Durban kupanda kuja kwetu, karibu kilomita tisini, mwisho saa kumi na moja na nusu jioni. Mimi na Shemeji Mfanafuthi tulimsubiri chini ya kilima cha Inchanga tukiwa na viazi vya kuchemsha na chumvi. Akaja ndani ya "basi", lile kundi la watu zaidi ya mia wanaomfuata dereva wao mwenye bendera, anayewaambia wapi wakimbie na wapi watembee, huku wakiimba. Unajua mwenyewe, kwa watu wa mwendo wetu, ukishuka basi umekwisha.

Dada akashuka. Saa ilikuwa imelia: 156.

"Mama, usishuke! Hakuna basi jingine nyuma!" watu walimpigia kelele.

Shemeji uvumilivu ukamshinda. "Hlengi, nakuomba, wafuate! Watakuacha!"

Dada akachukua kiazi, akakichovya kwenye chumvi, akatafuna. "Velaphi alilifuata basi kwenye kilima hikihiki," akasema. "Na alikuwa na nguvu kuliko mimi."

Akaondoka akitembea. Nilimtazama akipanda peke yake, nikalia, kwa sababu niliamini hajakosea na bado niliogopa kwamba atachelewa.

Yaliyofuata alinisimulia baadaye. Alipofika Camperdown saa ikazimika, chaji imekwisha, hana tena namba ya kumwongoza. Akaanza kutaja majina ya sifa ya ukoo, kama Baba alivyotufundisha: "Mchunu! Macingwane! Phakade!" hadi la mwisho. Akiyamaliza bila pumzi kukatika, anakimbia. Ikikatika katikati, anatembea mpaka irudi. Waliokuwa karibu naye walidhani amechanganyikiwa. Hivyo hivyo akaupanda mlima wa Polly Shortts, na huko akaanza kuwapita watu wa lile basi, mmoja baada ya mwingine, wameketi kando ya barabara wameshika mapaja.

Kwenye mstari wa kumalizia mbio, saa kubwa ilionyesha zimebaki dakika tatu, nami sijamwona. Zikabaki mbili. Moyo wangu mimi ndio uliohitaji kupimwa. Kisha fulana yako ya kijani, ile uliyokimbia nayo mwaka ule, ikakunja kona. Ndiyo, aliivaa hiyohiyo, imepauka na kutoboka kwapani. Na alikuwa anakimbia, Kaka! Akavuka zimebaki sekunde hamsini na moja. Nilimshika mkono juu ya uzio, nikamhesabia mapigo kwa robo dakika, nikazidisha mara nne: mia moja thelathini na sita. Sijawahi kustaajabia kitu hivyo.

Hakutaka kuondoka. Aligeuka kuutazama mstari. Unamkumbuka mwenye bastola, anavyowapa mgongo wakimbiaji. Ulimwambia Mama kwamba mtu yule hakujali hata kukuangalia, na mgongo ule ndio uliokwenda nao hadi Halifax. Lakini anapowapa mgongo wanaokuja, sisi huku tunamwona uso. Alikuwa amefumba macho. Machozi yalikuwa yakimtiririka kabla hata hajafyatua.

"Fikile," Dada akaniambia, "mwandikie Velaphi ulichokiona."

Ndicho nilichokiona, Kaka.

Mama anakusalimu sana, na Shemeji, na pacha Anele na Andile wanaouliza kama mjomba wao ni mrefu. Msalimie wifi yangu. Mungu akutunze, na akupe usingizi mwema.

Fulana yako imefuliwa, Dada ameikunja juu ya kitanda chako. Nilitaka kuitia katika bahasha hii, akaninyang'anya. Anasema uje uichukue mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Fikile