Grafu Iliyofutwa kwa Mate

Ima, nimetoka darasani sasa hivi na kinyaa bado hakijaniisha.

Si unamjua Mwalimu Revocatus, yule wa hesabu anayesimamia mazoezi yangu ya ualimu? Amelamba kidole akafuta grafu ya mwanafunzi. Kwa mate, Ima! Mate!

Swali lilikuwa y ni sawa na nne toa x ya kipeo cha pili. Esperansi, binti wa Ulyankulu, kule kwenye makazi ya waliokimbia Burundi, akachora mkunjo unaotazama chini. Na ndivyo ulivyo! Revocatus akasema, "Grafu ya kwadratiki hutazama juu kama bakuli."

Mtoto akajibu taratibu, "Samahani mwalimu, mbele ya x kuna hasi, ndiyo maana imepinduka."

Ndipo akalamba kidole. Akasugua mpaka karatasi ikachanika, akasema, "Hizo hesabu za kwao Burundi." Darasa likacheka. Binti kazaliwa hapahapa, na wazazi wake pia!

Nikashindwa kukaa. Nikaenda ubaoni: x ikiwa sifuri, y ni nne. Ikiwa moja, tatu. Ikiwa mbili, sifuri. Nikauliza, "Inapanda au inashuka?" Darasa zima likaitikia, "Inashuka!"

Unajua Revocatus alininong'oneza nini? "Alama zako za mazoezi natoa mimi." Pumzi yake sikioni, Ima!

Atoe anazotaka. Nilipotoka, Esperansi alikuwa amefungua ukurasa mpya, anachora tena. Na wale waliomcheka walikuwa wameinama, wanapindua grafu za kwao zitazame chini.