Shikamoo Nilizokuibia

Kalangalala, Geita
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa, Mwalimu Edward,

Shikamoo. Naiandika mwanzoni kabisa kabla hujaniwahi, na nakuomba uipokee bila kubisha mpaka ufike mwisho wa barua. Natumaini u mzima, na Mama pia, na kwamba lile goti lake limetulia tangu mvua zipungue. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio hauko sawa, na sababu utaiona.

Kazi inaendelea. Dukani kwa Bwana Hozefa wachimbaji bado wanaingia na matope mpaka magotini, wanataka sururu, kamba na taa za kichwani, halafu wanabishana bei kama vile wametufanyia hisani kuja. Mkewe, Bi Zahida, anakusalimu. Ni yule anayejaza mafumbo ya maneno ya Kiingereza hapo kaunta, kalamu sikioni. Akikwama huniita, nami hujidai kwake kwamba baba yangu alifundisha Kiingereza Ushirombo mpaka akastaafu.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu moja. Nikipiga, utaanza wewe na shikamoo, nami kabla sijasema lolote nitakuwa nimeshaitikia marahaba. Ndiyo kanuni ya nyumba yetu, na uliitunga mwenyewe nikiwa shule ya msingi. Mmoja anataja herufi tatu, kila mtu anatafuta kichwani neno la Kiingereza lenye herufi hizo zote, mwenye neno refu ndiye mshindi, na aliyeshindwa atamwamkia mwenzake mpaka mchezo mwingine. Mama aliichukia kanuni hiyo. Alisema tunaichezea heshima na iko siku itatugeuka. Wewe ulicheka tu, ukamjibu kwamba mtoto akitaka kuamkiwa na baba yake, basi aitolee jasho.

Sikuwahi kukushinda. Nilipohamia huku tukaendelea kwa simu, kila jioni nikishafunga duka, na kila jioni nikashindwa, nikakuamkia, nikafurahi kukusikia ukitamba.

Halafu masika haya nikaanza kushinda. Unaikumbuka siku ya Q, R na Z. Ulitoa quartz, ukaniambia nisijisumbue, neno hilo umelitunza tangu chuoni. Mimi nikatoa quartzite. Ulicheka mpaka ukakohoa, ukasema kumbe mawe ya Geita yanafundisha kukuzidi wewe. Ukaniamkia, shikamoo mayu, yaani mama, kama unavyomwita bibi. Nilisikia raha, Baba, sitakuficha. Mimi mtoto wa mwalimu niliyefeli kidato cha nne, muuza sururu, leo naamkiwa na Mwalimu Edward! Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani.

Kesho yake nikashinda tena, na keshokutwa. Siku ya X, Y na L wewe ulitoa xylophone, mimi approximately. Hapo hukucheka. Ulisema neno hilo umelifundisha maisha yako yote, limekupitaje. Nami kwa mdomo wangu huu nikakutania kwamba uzee unabisha hodi. Ee Mungu wangu! Kama maneno yangerudishwa kinywani, ningeanza na hilo.

Jumatano Deusdedit alipita hapa akitoka huko nyumbani kupitia Runzewe na mzigo wa mpunga. Ndugu yangu unamjua, huwa hakosi kichekesho, lakini siku hiyo hata chai hakuigusa. Alinieleza kwamba umewaambia watoto wa masomo ya jioni wasije tena, kwa kuwa hutaki kuwafundisha makosa. Kwamba kanisani umeomba usipangiwe tena kusoma somo. Kwamba kamusi yako kubwa umempa Rhoda, binti wa jirani, ukamwambia wewe haikufai tena. Na kwamba ulimwambia Mama kuwa yaliyompata Babu Jilala yameanza kukupata wewe: naye alianza kwa kupotelewa na maneno, akaishia kukuuliza wewe mwanawe ni mtoto wa nani. Mama analia jikoni ili usimwone. Deusdedit akaniuliza kama nimeona dalili, maana mimi ndiye ninayeongea nawe kila jioni. Nikamjibu sijui.

Baba, kichwa chako hakina ugonjwa wowote. Mimi ndiye niliyekudanganya.

Siku ile ya Q, R na Z Bi Zahida alikuwa amenionyesha ukurasa fulani kwenye simu. Unaandika herufi unazotaka, unakuletea maneno yote ya Kiingereza yenye herufi hizo, marefu yakitangulia. Yeye anautumia kwa mafumbo yake na hamdhulumu mtu. Mimi nilikuweka kwenye spika, nikasema ngoja nifikirie, huku vidole vinaandika. Quartzite sikuwa nimewahi kuisikia. Uliponiuliza maana yake, nilikusomea. Hakuna hata neno moja nililokushinda nalo lililotoka kichwani mwangu. Ulikuwa unashindana na kamusi nzima, peke yako, umekaa kwenye kigoda chako ukisubiri mwanao afikirie. Na bado xylophone ulilitoa papo hapo! Kichwa kibovu hakitoi neno kama hilo.

Ila kinachonitia aibu zaidi si maneno. Ni kwamba shikamoo zako za siku hizi za karibuni zilikuwa zinatoka kwa sauti ndogo, na mimi nilisikia. Siwezi kusema sikusikia. Nilijua kuna kitu kimekuumiza, nikaitikia marahaba, nikataja herufi nyingine tatu.

Leo baada ya misa nimemweleza yote Deusdedit, ambaye bado yuko hapa mjini akiuza mpunga. Amenifokea mbele za watu, na nilistahili. Atakuletea barua hii mwenyewe. Nakuomba kamusi uichukue kwa Rhoda, nitamnunulia yake. Waite watoto. Kanisani waambie wakupangie. Mama mwambie alisema kweli, heshima imetugeuka, na nikija nitampigia magoti kabla yako.

Msalimie sana, na majirani wote, na Rhoda umwombe radhi kwa niaba yangu. Siku utakayoipata barua hii nitakupigia jioni kama kawaida. Sitakuwa na herufi zozote. Ukipokea, nakusihi, usiseme kitu. Uniache nianze mimi, halafu, kama bado unanitambua kuwa mwanao, uitikie.

Ni mimi, ambaye sijawahi kukushinda,
Aneth