Ng'ombe Yuko kwa Jirani

Mwanangu Ndeanasia,

Huku Nkoaranga kahawa imeanza kuiva na migomba imesimama vizuri. Ng'ombe nimempeleka kwa jirani, maana vidole vyangu vinakakamaa na siwezi tena kukamua. Daktari anasema saratani ya tezi dume imefika kwenye mifupa, nayo mifupa inanyonya kalsiamu iliyo kwenye damu. Nikamwambia nimekunywa maziwa tangu utotoni. Akasema maziwa peke yake hayatoshi, akaniandikia vidonge.

Ndiyo maana mwandiko umepinda, usidhani nimelia.

Jioni huwa napita kumsalimia ng'ombe, na bado anaijua sauti yangu. Jirani akiuliza habari zako, namjibu kwamba uliniandikia juzi tu. Usije ukaniumbua.

Baba yako,
Elirehema