Kuta za Mawe Chini ya Daraja

Jumatatu, 11 Oktoba 1976
Kibandani kwangu: chai, mandazi, wateja. Mandazi ya kwanza yameungua kwa sababu nilikuwa nawaeleza watu habari za Kampala. Nimepika kwenye treni miaka mingi, dunia naijua. Jua kali. Wakesho, mke wangu, amerudi na kabichi zilizonyauka. Yeye na wenzake wa Werugha, kule milimani, wanauza kando ya lami hapa Voi, malori yanawapita puani. Na pale daraja jipya linaporuka reli, chini yake kuna kivuli cha bure, kimelala tu. Roho inaniuma. Nimeapa kuwapatia soko. Wakesho amecheka. Ataona.

Jumamosi, 16 Oktoba
Chini ya daraja ni mteremko mtupu na mavi ya mbuzi. Kabichi ukiiweka inabingirika mpaka relini. Nimesema tuchimbe tusawazishe. Mama Mghoi, mkubwa wa wale wamama, akaniambia, "Wewe wa treni, kwetu mlima haulimwi hivyo." Wanajenga kuta fupi za mawe, udongo nyuma yake, ngazi juu ya ngazi, kama mashamba yao kule juu. Mimi nabeba mawe. Mgongo umekufa. Lakini wazo ni langu.

Alhamisi, 28 Oktoba
Pamekuwa mahali! Kinyozi ameleta kiti. Mzee Salim analeta kahawa. Watu wanacheza drafti. Halafu injinia wa barabara akashuka kwenye Landrova, amevimba. "Nani amewaruhusu kuchokonoa daraja?" Wote wakanitazama mimi. Anasema mvua ikiteremsha udongo relini, atazungushia seng'enge na kutufukuza wote.
"Bwana mkubwa, lete mvua hata kesho!" nikamjibu.
Mdomo huu. Naogopa.

Jumanne, 9 Novemba
Mvua. Imeanza adhuhuri, haikatiki. Sijala. Wakesho pia hajala.

Jumatano, 10 Novemba
Zimesimama! Nimekimbia bila viatu, nikakuta kuta zote zimesimama, reli safi. Injinia alishafika. Akapanda ngazi moja moja, akipiga mawe teke. Mwishowe akasema, "Chimbeni mfereji pale pembeni. Na mtu asivuke reli. Haya, uzeni." Mama Mghoi akapasua vigelegele, daraja likavirudisha. Injinia mwenyewe akacheka. Mimi nililia mbele ya watu. Nikasingizia vitunguu. "Vitunguu gani, na hujamenya?" Wakesho akaniuliza. Nimepika pilau sufuria kubwa, nikalisha kila aliyepita. Hakuna mwanamume kama mimi Voi hii, wala Taveta, wala popote.

Jumapili, 14 Novemba
Baada ya kanisa tumeteremka, mimi na Wakesho tu. Hakuna soko leo. Ubaridi mzuri. Magari yananguruma juu, huku chini hata vumbi halifiki. Amevua viatu, ameegemea bega langu, akasinzia. Nimekaa hivyo hivyo mpaka bega likafa ganzi.